Kodi na Nauli: Historia ya Watu Wasio na Gari, Kuanzia Hapa Bugarama



Tulipoacha kulala kambini na kuanza kupanga chumba mjini tulikuwa watatu, na tulijiona wajanja sana. Tulipata chumba cha faranga 8,000 kwa mwezi. Wenzetu waliokuwa karibu na njia panda walilipa 18,000 kwa chumba kidogo zaidi, chenye vumbi na kelele za malori usiku kucha. Tuliwacheka kweli. Tulisema hawa wanalipa vumbi.

Gari linalotuchukua sisi wa kujitolea hupita barabara kuu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na halingoji mtu. Kutoka chumbani kwetu mpaka barabarani ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Siku za jua ulikuwa unafika umelowa jasho, lakini unafika. Mvua ilipoanza ule udongo ukageuka kama sabuni, hata motari wakawa wanakataa kupanda. Wakikubali ni faranga 500 asubuhi, na jioni 500 nyingine. Kwa siku 22 za kazi ni faranga 22,000. Ongeza zile 8,000 za chumba unapata 30,000. Kumbe chumba cha "bei rahisi" kilimgharimu kila mmoja wetu aliyepanda moto kuliko chumba cha vumbi tulichokicheka.

Mwenzetu mmoja hakuwa na pesa ya moto. Alichelewa mara nne katika mwezi mmoja, wakamwambia abaki nyumbani. Posho ikakatika, fungu lake la kodi likamshinda, akarudi kulala kambini na begi lake lile lile. Kazi aliijua kuliko sisi, maana anatafsiri Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa bila kukwama. Kilichomshinda ni ile saa moja ya njia.

Tulikasirika, kisha tukaanza kuuliza wazee na kusoma tulichoweza kupata. Tulitaka kujua kama shida hii ni yetu peke yetu. Jibu tulilolipata ni kwamba shida hii ina miaka zaidi ya mia moja katika Afrika yetu ya Mashariki, na watu wasio na gari wameitafutia dawa tangu wakati huo. Tunawaandikia tuliyojifunza, hasa nyinyi mnaofikiria kutoka kambini, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusaidia kutafuta nyumba.

BUGARAMA NI MTOTO WA BARABARA

Tuanze hapa hapa. Bugarama iko kwenye pembe ya kusini magharibi ya Rwanda, wilaya ya Rusizi, chini kabisa kwenye bonde. Ukitoka Kamembe unateremka mpaka unasikia masikio yanaziba, halafu joto linakupokea. Hapa nchi tatu zinakutana. Ukishika njia moja unafika daraja la mto Ruzizi, ng'ambo ni Kamanyola, Kongo. Ukishika nyingine unafika Ruhwa, ng'ambo ni Burundi, na barabara inaendelea mpaka Bujumbura. Ya tatu inarudi Kamembe, na kutoka huko unapata basi la Kigali.

Wengi wetu tulizaliwa upande wa Uvira au Bukavu, kwa hiyo tunajua siri moja ya mji huu. Barabara ya Bukavu kwenda Uvira ikibaki ndani ya Kongo inapita milima ya Ngomo, na ile njia ni mbaya, ina makorongo ya kutisha. Ndiyo maana abiria wengi wa Bukavu wanaoenda Uvira huingia Rwanda, wanapita Kamembe, wanateremka Bugarama, halafu wanarudi Kongo kupitia Kamanyola. Mtu anatoka mji wa Kongo kwenda mji mwingine wa Kongo, lakini chai anakunywa Bugarama. Mji huu umelelewa na wapita njia.

Halafu kuna kiwanda cha saruji cha CIMERWA, pale Muganza, ambacho kilianza kuzalisha mwaka 1984. Mwaka 2015 kilizinduliwa kiwanda kipya na kikubwa zaidi. Malori ya saruji, mpunga wa bondeni, wafanyabiashara wa mipakani, wote wanahitaji mahali pa kulala, na wengi wao hawana gari lao. Ndiyo maana vyumba vya kupanga vimebanana karibu na njia panda na kando ya barabara kuu, na bei inapungua kadiri unavyopanda mlimani au unavyoingia mashambani. Mwenye nyumba anajua kwamba anauza vitu viwili: kuta nne na dakika tano za kufika barabarani.

Lakini barabara nayo inaweza kufungwa. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, na njia ya Ruhwa ikanyamaza. Si mara ya kwanza sisi kuona hivyo. Aliyekuwa amepanga kwa ajili ya kuvuka kila siku alijikuta analipa kodi ya mahali pazuri kwa barabara isiyopitika. Hilo tulikumbuke pia: thamani ya chumba cha karibu na barabara inategemea barabara inafika wapi leo, si ilifika wapi mwaka jana.

Na barabara hiyo hiyo ndiyo iliyotuleta. Mwezi wa Machi 2018, Warundi wapatao 2,500 waliokuwa wakimbizi Kamanyola walivuka na kuingia hapa Bugarama kwa miguu, kisha wakapelekwa kwenye kambi za mpito. Baadhi ya wazee wanaotupa nasaha leo waliwaona wakipita. Walipita mbele ya vyumba hivi hivi tunavyopanga.

WAZEE WETU WALIPANGIWA MAHALI PA KUKAA

Mzee mmoja aliyekulia Buyenzi, Bujumbura, alituambia: "Wanangu, nyinyi angalau mnatafuta wenyewe. Babu yangu alionyeshwa tu: kaa hapa."

Tulifuatilia maneno yake. Wakati wa Wabelgiji watu wa Kiswahili, yaani Waislamu, wafanyabiashara na wafanyakazi waliotoka sehemu mbalimbali, walitengewa mitaa yao mijini. Mitaa hiyo iliitwa kambi za Waswahili. Kigali ilikuwa Biryogo, iliyopangwa katika miaka ya 1920, leo ni sehemu ya Nyamirambo. Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura, ilikuwa Buyenzi. Lengo la mkoloni halikuwa kuwarahisishia maisha. Alitaka kuwaona na kuwahesabu, na kuwatenga na wengine. Kwa hiyo neno "kambi" katika lugha yetu ni la zamani kuliko hema za mashirika.

Lakini angalia kilichotokea. Mkoloni alihitaji wafanyakazi na biashara karibu, kwa hiyo Buyenzi na Biryogo hazikuwa mbali na katikati ya mji. Mtu wa Buyenzi aliweza kwenda sokoni kwa miguu na kurudi. Mafundi, wapishi, washonaji na madereva wakajazana huko. Mpaka leo ukitaka fundi wa gari Bujumbura unaelekezwa Buyenzi, na ukitaka kula usiku Kigali unaambiwa nenda Nyamirambo. Mahali palipokusudiwa kuwafungia watu pakawa mahali pa kujitafutia, kwa sababu mguu uliweza kufika kwenye kazi.

Sasa linganisha na zamu ya pili. Mwaka 1952 Wabelgiji walianzisha ofisi ya kujenga nyumba za Waafrika mijini, kwa Kifaransa Office des Cités Africaines. Ndiyo iliyojenga Ngagara kule Bujumbura, na ndiyo maana wazee mpaka leo wanaiita OCAF. Bukavu ilijenga Bagira. Nyumba zilikuwa imara, za matofali, zimepangwa kwa mstari. Wengi wetu tuna shangazi au mjomba aliyekulia Bagira, na wote wanasifu zile nyumba. Lakini muulize shangazi huyo Ibanda ni umbali gani kutoka Bagira. Ibanda ndiko zilikokuwa ofisi na nyumba za Wazungu, kule kwenye rasi za ziwa. Kazi ilikuwa Ibanda, kitanda kikawa Bagira. Watu wa Kadutu, waliokuwa wamebanana mlimani kwenye vibanda, walikuwa na nyumba mbaya zaidi lakini walifika mjini mapema.

Hapo tuliona kwamba swali letu la Bugarama ni swali la mama zetu wa Bukavu: nyumba nzuri mbali, au nyumba mbaya karibu? Na aliyepanga mji hakuwahi kulipa hiyo tofauti. Ililipwa na miguu ya mfanyakazi.

NAIROBI NA DAR: WATU WALIPOJITENGENEZEA USAFIRI

Nairobi ilizaliwa na reli. Reli ilifika pale mwaka 1899, na wafanyakazi wake wakajengewa vyumba karibu na karakana, sehemu kama Muthurwa. Mtaa wa Landimawe mpaka leo umebeba jina la zile nyumba za mstari za wafanyakazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilitenga Pumwani kuwa mtaa wa Waafrika, na mashariki yote ya mji ikaendelea kujaa watu wa kazi za mikono. Kampuni ya mabasi ya Kenya Bus Service ilianza mwaka 1934, lakini kwa mtu wa mshahara mdogo nauli ya kila siku ilikuwa mzigo. Asubuhi watu walitembea kwenda viwandani kwa makundi. Mpaka leo ukifika Nairobi alfajiri unaona mto wa watu wanaotembea kando ya barabara. Wale hawafanyi mazoezi ya mwili. Ni kodi yao ya pili wanailipa kwa viatu.

Halafu watu wakaanza kubebana kwa magari madogo ya kizamani, bila leseni. Nauli ilikuwa sarafu tatu za senti kumi, na wengi husema neno matatu lilitoka hapo. Polisi waliyakamata kwa miaka. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu kubeba abiria bila ile leseni ya usafiri. Baada ya hapo mtu aliweza kupanga mbali kidogo na bado akafika kazini, na mitaa ya vyumba ikafuata njia za matatu. Mwenye shamba aliyeona matatu imegeuzia kwake alijenga vyumba vya mabati mara moja.

Dar es Salaam nayo ina Kariakoo, ambayo jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Unaona? Hata Kariakoo ilikuwa kambi kwanza. Miaka ya 1970 usafiri wa mji ulikuwa mikononi mwa shirika la umma la UDA, mabasi yakawa machache, watu wakawa wengi. Magari ya watu binafsi yakaanza kubeba abiria kwa siri, mpaka mwaka 1983 yaliporuhusiwa. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala, na hivyo tukapata daladala. Mwaka 2016 yakaja mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara mpaka Kivukoni.

Rwanda nayo ilipita njia kama hiyo. Mwaka 1978 serikali iliunda Onatracom, mabasi ya umma yaliyofika hata sehemu ambazo mfanyabiashara hakuona faida. Mwaka 2016 nafasi yake ikachukuliwa na RITCO. Katikati, gari dogo la abiria likapewa jina tamu la Kinyarwanda: twegerane, yaani tusogeleane. Nani asiyejua? Watu kumi na wanane ndani, mtoto mapajani, kuku chini ya kiti. Jina lile ni historia nzima ya watu wasio na gari. Tumefika kwa kusogeleana.

Kuna pia wakati serikali zilipowahamisha watu kuelekea barabarani. Tanzania, kati ya 1974 na 1976, mamilioni ya watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, vingi vikiwa kando ya barabara, ili shule, maji na zahanati viwafikie. Rwanda, baada ya 1996, ilikuja siasa ya imidugudu, watu wakae pamoja na si kila mmoja kwenye kilima chake. Wazee wana maneno mengi juu ya hayo. Wengine walipata shule karibu, wengine walijikuta wako mbali na shamba lao. Mkulima kazi yake iko shambani, kwa hiyo barabara ya mkulima ni tofauti na barabara ya kibarua. Ukimhamisha bila kumuuliza kazi yake iko wapi, unaweza kumweka "karibu" akawa mbali.

KAMBI JUU YA KILIMA

Sasa tuje kwetu. Kiziba ilifunguliwa 1996, Gihembe 1997, Nyabiheke 2005, Kigeme 2012, Mugombwa 2014, Mahama 2015. Ukizitaja hizo kwa vijana wenzetu kila mmoja anacheka au anakaa kimya, maana ni miji yetu ya kuzaliwa au kukulia. Gihembe ilifungwa mwaka 2021 kwa sababu mmomonyoko ulikuwa umechimba makorongo hatari, watu wakahamishiwa Mahama.

Kambi hujengwa palipopatikana ardhi, na ardhi inayopatikana mara nyingi ni ile ambayo hakuna aliyeihitaji. Kiziba iko juu ya mlima, wilaya ya Karongi. Ziwa Kivu unaliona zuri kabisa, lakini kazi huioni. Kigeme ni tofauti. Ukipanda basi Kamembe kwenda Kigali, ukishapita msitu wa Nyungwe na kuingia Nyamagabe, nyumba za Kigeme unaziona kutoka dirishani. Kijana wa Kigeme anaweza kusimamisha gari. Wa Kiziba lazima kwanza ashuke mlima. Wakimbizi ni wale wale, kadi ni ile ile, lakini asubuhi zao ni mbili tofauti. Mnaotuambia "jitegemeeni", tafadhali muanze hesabu hapo.

Rwanda inaturuhusu kufanya kazi, na wengi wetu tunaweza kuishi mijini tukiwa na karatasi zinazotakiwa. Hiyo ni neema, tusiifiche. Nchi nyingine zimebishana sana juu ya hilo. Kenya, Desemba 2012, serikali iliagiza wakimbizi wa mijini warudi kambini, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikaifuta amri ile. Watu wa Eastleigh waliokuwa na duka na chumba karibu na stendi walijua wanapigania nini.

Lakini ruhusa ya kukaa mjini haileti chumba. Wenzetu waliohamia Kigali walikutana na shule nyingine kabisa. Mwaka 2013 usafiri wa Kigali uligawiwa kwa maeneo, kampuni tatu zikapewa njia zake, na kuanzia 2015 watu wakaanza kulipa kwa kugusisha kadi. Mabasi yakawa na utaratibu. Mwenzetu mmoja alipata chumba cha bei nzuri pembeni ya mji, akafurahi, halafu akagundua kwamba kufika kazini ni mabasi mawili na foleni mbili. Aliyepanga kile kidogo zaidi, upande wa Kimisagara, alikuwa anatembea tu mpaka Nyabugogo, na Nyabugogo basi za nchi nzima zipo. Alituambia: "Wakaka, msiulize kilomita. Ulizeni ni mabasi mangapi."

HATA NG'AMBO NI SWALI HILO HILO

Tuna ndugu waliopelekwa Marekani kabla ya mlango ule kufungwa Januari 2025. Tulidhani wakifika huko kila mtu anapewa gari. Kumbe wa kwanza kumpigia simu alitwambia nyumba ni nzuri, ina maji ya moto, lakini basi linapita mara moja kwa saa, na Jumapili halipiti. Alikuwa anatembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, theluji imejaa.

Ndipo tukasoma habari za Wasomali wa Minneapolis. Mtaa wao unaitwa Cedar-Riverside. Pale kuna majengo marefu yanayoitwa Riverside Plaza, yaliyofunguliwa mwaka 1973, yakiwa na rangi rangi kwenye kuta. Yalijengwa kwa ndoto za watu wengine, si kwa ajili ya wakimbizi. Lakini katikati ya mji ni karibu, chuo kikuu kiko pale pale, na kodi ilikuwa inawezekana, kwa hiyo Waafrika wa Mashariki waliofika kuanzia miaka ya 1990 wakayajaza. Treni ya mjini ilifika 2004. Unaweza kuishi pale bila gari, ukapata msikiti, duka la nyama na kazi. Tulipoona picha, mmoja wetu alisema: "Hii ni Buyenzi ya ghorofa." Tulicheka, lakini alisema kweli.

TUNAYOULIZA SASA KABLA YA KULIPA

Hatuandiki haya ili tuwe walimu. Tumelipa ada ya kujifunza, basi tunawagawia.

Kwanza, tunajumlisha kodi na nauli ya mwezi mzima kabla ya kusema ni rahisi. Mfanyakazi wa shirika anayepima msaada wa nyumba afanye hivyo hivyo. Ukimpa mtu kodi bila kuhesabu nauli, umempa mlango bila ufunguo.

Pili, tunatembea njia yenyewe saa ile ile tutakayoitumia, na kama inawezekana siku ya mvua. Komisioneri atakupeleka saa nane mchana, jua kali, na atakwambia "ni hapo tu, mkubwa". Hiyo "hapo tu" ya komisioneri tunaijua wote.

Tatu, tunauliza maji. Vyumba vya bei rahisi bondeni vinakaribia mashamba ya mpunga, na mto Rubyiro ukijaa hauulizi nani amelipa kodi.

Nne, tunauliza gari la mwisho jioni ni saa ngapi. Kwa dada zetu swali hili ni zito kuliko kwetu. Walituambia wenyewe: kutembea saa moja gizani ni gharama isiyoandikwa kwenye daftari lolote. Wengi wao walichagua chumba cha ghali kwa sababu hiyo tu, na sisi tulikuwa tunawaona wanapenda mji.

Tano, tunaongea na mwenye nyumba sisi wenyewe. Kuna wanaokataa wakimbizi, kuna wanaotaka kodi ya miezi mitatu mbele. Lakini mama mmoja wa karibu na njia panda alipotuona tunarudi mara ya tatu alisema, "Vijana wangu, lipeni mwezi mmoja, lakini mkinikimbia nitawatafuta mpaka kambini." Tulimjibu, "Ndiyo mama, na utatupata." Mpaka leo hatujakimbia.

Na tuseme ukweli wote: si kila mtu anafaa kukaa barabarani. Kuna mama wa kundi letu aliyebaki kule juu tulikotoka. Ana kishamba cha mihogo alichopewa alime, chemchemi iko karibu, watoto wake wanasoma shule ya kule kule. Anateremka sokoni mara moja kwa wiki. Akihamia njia panda atanunua chakula chote na atalipa kodi mara mbili. Kazi yake iko mlangoni kwake, kwa hiyo yeye tayari yuko karibu.

Ndiyo maana hatusemi kila mkimbizi ahamie njia panda. Tunasema historia ya Buyenzi, Bagira, Pumwani, Kiziba na hiki chumba chetu inauliza jambo moja: miguu yako inafika kwenye riziki, au haifiki? Ikifika, hata chumba kibaya kinaweza kukuinua. Isipofika, hata nyumba nzuri itakurudisha ulikotoka.

Sasa tunakaa wawili katika chumba cha 18,000. Kina vumbi, kina joto, na lori likifunga breki usiku kitanda kinatikisika. Saa kumi na mbili na dakika ishirini tunafunga mlango, na saa kumi na mbili na nusu tuko ndani ya gari.

Yule mwenzetu wa lugha nne bado yuko kambini. Wiki iliyopita walimwambia anaweza kujaribu tena. Tumepima sakafu yetu kwa hatua. Godoro la tatu linaingia, mradi meza itoke nje usiku. Anakuja Jumapili na begi lake.

Sisi vijana wa kujitolea, Bugarama.